Mtoto Akiuliza Khabari za Mwezi na Mbingu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyeziumba mbingu na ardhi, akauwekea mwezi vituo vyake na jua njia yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, katikati ya Mfungo Sita wa mwaka 1447, mwezi ulipatwa. Tangu saa mbili na nusu ya usiku hata karibu saa nne kivuli cha ardhi kiliufunika wote, nao haukuzimika kama wengi walivyotazamia, bali uligeuka rangi ukawa kama shaba iliyotoka motoni. Waliojaaliwa mbingu isiyo na mawingu waliuona vizuri mno. Na hapana shaka katika nyumba nyingi za miji yetu hii ya pwani mtoto alimshika baba yake mkono akamwuliza: "Baba, mwezi umefanya nini?"

Kilichonifanya nishike kalamu si swali hilo, ndugu zangu, bali ni majibu tuyatoayo. Jibu la kwanza ni kemeo: "Nyamaza, hayo ni mambo ya Mungu, usiyachokore." La pili ni kitisho: wekundu ule ni damu, basi kuna vita vyaja, au mkubwa fulani atakufa. La tatu ni ngano za kale za joka lililoumeza mwezi, na wako wazee wakumbukao madebe na masufuria yaliyogongwa mitaani ili joka liutapike. Na wakati huo huo yule mtoto, au kaka yake aliye mbele yake kwa madarasa mawili, amekwisha kusomeshwa shuleni kwamba ardhi imeingia baina ya jua na mwezi. Akilisema hilo barazani huambiwa kwamba hayo ni maneno ya makafiri.

Basi tazameni tumemfanyia nini mtoto huyu. Tumemfundisha, kwa ndimi zetu wenyewe, kwamba ukweli uko shuleni na kwamba dini ni mahali pa kunyamazishwa. Leo ana miaka kumi, atanyamaza. Atakapofika miaka ishirini atanyamaza vile vile, lakini kwa sababu nyingine: atasali nasi Idi, atakaa nasi matangani, na moyo wake utakuwa umekwisha kuhama zamani bila ya sisi kujua. Wazazi wengi hunijia wakilalamika kwamba vijana wao wameacha msikiti, na husema kilichowaharibu ni vitabu. Mimi huwauliza: je, alipokuwa mdogo akikuuliza, ulimjibu nini?

Kuuliza khabari za mwezi si jambo lililozuliwa na shule za leo. Waislamu wa kwanza waliuliza. Limetajwa jambo hilo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 189, ambayo yatueleza kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya miezi inayoandama, na Mwenyezi Mungu akamfundisha jibu, kwamba hiyo ni alama za nyakati kwa watu na kwa Hija. Na katika vitabu vya tafsiri imepokewa kuwa waulizaji walitaka kujua kwa nini mwezi huanza mwembamba kama uzi, ukakua hata ukaenea, kisha ukarudi kama ulivyokuwa. Wajuzi wa Hadithi wameitia ila isnadi ya mapokezi hayo, lakini aya yenyewe yatutosha: swali liliulizwa, likajibiwa kwa wahyi, wala hakukemewa mtu.

Atatokea mwenye kusema: "Sheikh, hao waliuliza namna, wakajibiwa faida. Hiyo ndiyo dalili kwamba namna haituhusu." Hoja hii si ya kipuuzi, na wanavyuoni wa balagha wameitaja aya hii kuwa ni mfano wa muulizaji kupewa jibu lililo bora kwake kuliko alilolitaka. Lakini haifiki wanapotaka ifike. Qur'ani ni kitabu cha uwongofu. Haikuteremshwa kutupimia masafa ya mwezi, kama ambavyo haikuteremshwa kutufundisha kuunda jahazi wala kushona kanzu, na hakuna aliyesema kuunda jahazi ni haramu. Kuacha kueleza jambo si kulikataza. Hiyo namna tuliachiwa macho na akili tuitafute, kwani Qur'ani hiyo hiyo, katika Sura ya Yunus, aya ya 101, yawaamrisha watu watazame yaliyomo mbinguni na ardhini. Na katika Sura ya Aal Imran, aya ya 190 na 191, imewasifu wale wamkumbukao Mwenyezi Mungu wakiwa wima, na wakiwa wamekaa, na wakiwa wamelala, hali wakifikiri kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Na Nabii Ibrahim (A.S.) aliitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, kimoja baada ya kimoja, kama ilivyoelezwa katika Sura ya Al-An'am. Sasa mwenye kumshika mtoto kichwa akamwinamisha asitazame juu, yeye amekataza kilichoamrishwa.

Jibu la mtoto yule lilikuwa jepesi. Mwezi hauna nuru yake mwenyewe. Huangazwa na jua. Usiku ule ardhi yetu ilikaa katikati, ikaizuia nuru. Lakini ardhi imezungukwa na hewa, na hewa hiyo hupindisha nuru kidogo ya jua ikapenya ikaufikia mwezi. Na nuru inayopita katika hewa nyingi hubakia nyekundu, ndiyo sababu magharibi huwa mekundu. Wekundu ulioonekana juu ya mwezi ni wekundu wa magharibi na alfajiri zote za dunia kwa wakati mmoja. Mtu akisha kulijua hili, je, hofu yake ya Mungu hupungua au huzidi?

Na khabari ya kupatwa jua na mwezi tunayo katika dini yetu tangu mwanzo, wala hatuna udhuru. Katika mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.) kwa Bibi Mariya, naye hajatimiza miaka miwili. Mtume alimlilia. Na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema: jua limepatwa kwa kufa Ibrahim.

Hebu tutafakari hapa kidogo. Huyu ni baba aliyefiwa. Watu hawakusema ubaya. Walisema jambo la kumtukuza na kumliwaza, kwamba hata mbingu zimefanya matanga kwa ajili ya mwanawe. Hakuhitaji kusema lolote. Kunyamaza tu kungetosha kuongeza utukufu wake machoni mwa watu, na pengine kuwaingiza wengine katika dini. Hakunyamaza. Aliwasalisha, kisha akasimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na kwamba waonapo hayo wasali na wamwombe Mungu mpaka yaondoke. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Dini ya kweli ilikataa kutegemezwa kwa nguzo ya uwongo, na aliyekataa ni Mtume mwenyewe, katika siku ambayo moyo wake ulikuwa na huzuni kuliko siku nyingi.

Wajuzi wa mwendo wa sayari wamelihesabu jua lile wakalikuta: lilipatwa tarehe 27 Januari 632, nayo ni mwisho wa Mfungo Mosi. Na hili la mwisho wa mwezi lina kisa chake. Al-Waqidi alisimulia kwamba Ibrahim alikufa siku ya kumi ya mwezi. Ibn Taymiyya akaikataa khabari hiyo, kwa kuwa jua halipatwi ila mwezi unapojificha, mwishoni mwa mwezi. Mwanachuoni wa Hadithi na Fiqhi aliipima riwaya kwa mwendo wa mwezi! Na kabla yake Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye ni Shafi'i kama sisi, alikwisha kuandika katika utangulizi wa Tahafut kwamba kupatwa kwa mwezi ni ardhi kuingia baina yake na jua, na kwamba mwenye kudhani kuwa kulipinga hilo ni kuitetea dini ameidhulumu dini, kwa sababu mambo hayo yana hesabu isiyo na shaka. Na madhara ya anayeinusuru dini kwa njia isiyo yake ni makubwa kuliko ya anayeitukana. Zaidi ya miaka mia tisa imepita, na bado barazani twabishana.

Huenda sababu moja ya ubishi huu ni jina. Huku kwetu ukitaja "falaki" mtu humwona mzee aliyekaa na kitabu kilichochakaa, akimwuliza mwanamke jina lake na jina la mama yake, akizijumlisha herufi, akatoa nyota, kisha akataja bei ya kombe na hirizi. Elimu tukufu ya Waislamu imenyang'anywa jina lake na wapiga bao! Nimejua uchumba uliovunjwa, watu wawili wema waliokubaliana, wazee wameridhika, mahari yametajwa, kwa kuwa mtu mmoja wa namna hiyo alisema nyota zao hazipatani. Hiyo siyo elimu ya nyota, bali ni kudai ghaibu, na hukumu yake katika dini yajulikana. Ajabu yetu ni hii: kijana akisema mwezi uko mbali nasi kiasi cha kilomita 384,000 twamwambia amejitia katika siri za Mungu, na anayesema kwamba nyota ya ng'ombe imemchukia Bi Fulani, huyo twamlipa.

Falaki ya kweli ilikaa misikitini. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa mwenye kusimamia nyakati za sala katika Msikiti wa Umayya wa Damascus, na hesabu yake ya mwendo wa mwezi ni ile ile iliyokuja kuonekana katika kazi ya Copernicus zaidi ya karne moja baadaye. Al-Sufi aliandika mwaka 964 juu ya wingu dogo aliloliona baina ya nyota, nalo tutalirudia. Nyota nyingi zingali zaitwa kwa majina ya Kiarabu katika vitabu vya Wazungu: Aldebaran, Rigel, Altair. Lakini tusijisifu kwa mababa tukasahau la mwisho. Mwaka 1577 Taqi al-Din alijengewa nyumba ya kutazamia nyota mjini Istanbul. Mwaka 1580 ikavunjwa kwa amri ya Sultani. Miaka thelathini baadaye Galileo aliielekeza darubini kwenye mwezi huko Italia. Hatukunyang'anywa elimu hii na mtu. Tuliivunja wenyewe kwa nyundo.

Na watu wa pwani ndio wasiokuwa na udhuru kabisa, kwani mwezi umo katika riziki yetu. Ni mvuvi gani asiyejua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja unapokuwa nusu? Ndiyo elimu hiyo hiyo. Mwezi huyavuta maji ya bahari, na jua nalo huyavuta kwa nguvu ndogo zaidi. Vikikaa mstari mmoja nguvu zao hujumlika, yakawa maji makuu. Vikipingana kwa pembe, hupunguziana. Manahodha waliokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi walizijua nyota kama tujuavyo vichochoro vya mitaa yetu. Ahmad bin Majid wa Julfar, katika karne ya 15, alitunga vitabu vya njia za bahari kwa nyota, na njia ya kwenda Sofala kwa kupita pwani hii ni miongoni mwazo. (Hupenda watu kusema kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Watafiti wengi wa sasa hawalikubali hilo, nasi tusilishikilie kwa kuwa latupendeza tu.)

Na wangapi wetu wanajua kwamba chombo cha kwanza kilichoundwa makhsusi kwa kutazama mionzi ya eksirei itokayo mbinguni kilirushwa kutoka maji yetu wenyewe? Kilitoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililokuwa baharini kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Disemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru. Na kwa ajili ya siku hiyo Wamarekani wenye chombo wakakiita Uhuru. Chombo hicho kiliorodhesha mahali zaidi ya 300 mbinguni panapotoa mionzi hiyo, na kiliwasaidia wataalamu kufahamu kwamba kuna vitu ambavyo mvuto wao hauiachi hata nuru itoke. Jina lake ni la Kiswahili, kimetoka Pwani, na watoto wetu hawajasimuliwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya ndugu zangu. Tarehe 20 Julai 1969 watu wawili, Neil Armstrong na Edwin Aldrin, walitua mwezini, na mpaka Disemba 1972 jumla ya watu 12 walikwisha kutembea juu yake. Walirudi na mawe ya kilo 382, ambayo yamepimwa na wataalamu wa nchi nyingi. Waliacha na vioo, ambavyo hata leo hupigwa mwali wa leza kutoka ardhini ukarudi, na kwa vioo hivyo imejulikana kwamba mwezi hututoka kiasi cha sentimita 4 karibu kila mwaka. Wako waliosema wakati ule, na wako wasemao leo, kwamba hilo haliwezekani kwa kuwa mbingu imehifadhiwa. Lakini mwezi si mlango wa mbingu. Ni kiumbe kilichotiishwa kama bahari ilivyotiishwa, nasi tumeipanda bahari.

Hao angalau hukataa. Walio wabaya zaidi ni wale waliokubali haraka kisha wakatia chumvi. Imeenea baina yetu kwa miaka mingi khabari ya kwamba Armstrong aliisikia adhana mwezini, akaja akaisikia tena Misri, akasilimu. Nimeisikia mimbarini. Nimeona mtu akilia kwa kuisikia. Nayo ni uwongo. Mwenyewe aliikanusha zaidi ya mara moja, akafa mwaka 2012 na hakusilimu. Na lau angenyamaza pia, akili ingetosha: sauti hupita katika hewa, na mwezini hamna hewa, wale watu wawili waliokuwa wamesimama bega kwa bega hawakuweza kusikizana ila kwa redio.

Ndugu ya khabari hiyo ni ile picha ya ufa wa mwezi inayopitishwa mkono kwa mkono, ikisemwa kuwa ni alama ya kupasuka kwa mwezi katika zama za Mtume (S.A.W.). Ufa huo una jina, nao ni bonde lenye urefu wa kilomita 300 hivi, moja katika mabonde mengi ya mwezini, hauuzunguki mwezi. Sisi twaamini kupasuka kwa mwezi kwa kuwa kumetajwa katika Qur'ani na kupokewa kwa njia sahihi kutoka kwa Ibn Masud na wengineo walioshuhudia. Muujiza huo haukuhitaji picha kwa karne kumi na tatu, na hauihitaji sasa. Lakini kijana akiambiwa kwamba picha ndiyo hoja, kisha akaja akaijua ile picha, ataitupa picha na hoja na aliyemwambia. Je, twakumbuka Mtume alivyofanya siku ya Ibrahim? Alipewa muujiza wa bure akaukataa, kwa kuwa haukuwa kweli. Sisi twaipokea adhana ya mwezini kwa mikono miwili.

Nimeahidi kulirudia lile wingu dogo la Al-Sufi. Wingu hilo, liitwalo sasa Andromeda, huonekana kwa jicho tupu usiku wa giza, chini kidogo upande wa kaskazini. Kwa karibu miaka elfu watu hawakujua ni nini. Katika miaka ya 1920 Edwin Hubble, kwa darubini kubwa ya Mount Wilson huko Marekani, akathibitisha kwamba si wingu, bali ni kundi la nyota lisilohesabika, galaksi nzima, iliyo nje kabisa ya hii yetu. Nuru hukata kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Yatoka mwezini hata kutufikia kwa sekunde moja na kidogo, na juani kwa dakika 8 na kidogo. Kutoka Andromeda huchukua miaka milioni mbili na nusu. Yaani mtu akiitazama usiku huu, haioni kama ilivyo leo; aiona kama ilivyokuwa kabla ya Adamu wengi wa vitabu vya historia kuandikwa.

Kisha ikajulikana jambo kubwa zaidi. Padri mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alilisema mwaka 1927, na Hubble akatoa vipimo mwaka 1929: galaksi zilizo mbali zatuepuka, na kila iliyo mbali zaidi yaondoka kwa kasi zaidi. Walilijua kwa rangi. Kama honi ya gari linalokwenda zake ishukavyo sauti, ndivyo nuru ya kinachoondoka inavyoelekea wekundu. Na maana yake si kwamba sisi tuko katikati na vyote vyatukimbia. Akina mama watanifahamu: mkate wa kumimina uliotiwa zabibu ukiumuka kwa hamira, kila zabibu huziona nyenzake zote zikienda mbali nayo, wala hakuna zabibu iliyotembea, unga ndio uliopanuka. Mfano wowote una kasoro, na wangu ni kwamba mkate una ukingo na chungu, na ulimwengu hatujauona ukingo wake. Ukirudishwa mwendo huo nyuma kwa hesabu, wafika kiasi cha miaka milioni 13,800 iliyopita, ambapo vyote vilikuwa vimesongamana kwa joto lisilokadirika.

Hapa tena ndugu zetu husimama kwa furaha, wakatoa aya ya 47 ya Sura ya Adh-Dhariyat, na neno lake *musi'un*, wakasema: Qur'ani ilikwisha kusema kwamba mbingu zapanuliwa! Nami nataka niseme kwa uangalifu. Neno hilo latokana na wasaa, na lugha haikatai maana hiyo. Lakini Tabari amelifasiri kwa wasaa wa uwezo wa kuumba, na Ibn Kathir kwa kuwa pande za mbingu zimefanywa pana. Mwenye kusema maana ya kupanuka siku zote amesema rai inayowezekana, na aiite rai. Asiapie. Kwani mwaka 1917 wataalamu wakubwa, na Einstein akiwa mbele yao, waliamini kwamba ulimwengu umesimama hauongezeki wala haupungui. Lau sheikh wa mwaka ule angeitafutia fikra hiyo aya, na aya hakosi mtu kuipata akitaka, tungekuwa na hali gani mwaka 1929? Mwaka 1998 ilionekana kwamba kupanuka kwenyewe kwazidi kasi, jambo lisilotazamiwa na wengi. Na hata leo njia mbili za kupima kasi hiyo hutoa majibu yanayopishana kwa asilimia 8 hivi, na wenye elimu hiyo hawajapatana. Hiyo si aibu yao. Ndivyo elimu ya kibinadamu inavyokwenda, hupima, ikarekebisha. Qur'ani hairekebishwi. Tusiifunge farasi wetu wa milele nyuma ya gari linalogeuza njia kila miaka sabini.

Mtoto atauliza: "Wapanuka kwenda wapi? Na kabla yake kulikuwa na nini?" La kwanza jibu lake ni kwamba haupanuki kuingia mahali, kwa kuwa mahali penyewe ndipo panaponyoka, na asipofahamu mwambie wataalamu nao hulifahamu kwa hesabu zaidi kuliko kwa macho. La pili lina sehemu mbili, na tusizichanganye. Hali ya ulimwengu ulipokuwa mchanga ni kazi ya wapimaji, nao mwaka 1965 walikuta mabaki ya joto lake yangali yameenea pande zote za mbingu. Ama kwa nini kuwe na ulimwengu badala ya kutokuwapo kitu, hapo darubini haina jicho. Hapo ndipo penye itikadi yetu, kwamba alikuwapo Mwenyezi Mungu wala hapakuwa na kitu kingine, naye hashikwi na mahali wala hapitiwi na wakati. Na usipojua jibu, sema, "Wallahu aalam, kesho twende tukatafute." Imamu Malik alisema hajui katika masuala mengi kuliko aliyoyajibu siku moja alipojiwa na mtu wa mbali, na heshima yake haikupungua. Iweje ya baba ipungue mbele ya mwanawe?

Lililobaki ni la kutenda. Sala ya kupatwa ni sunna iliyotiliwa nguvu, na misikiti mingi imeiacha kwa kuwa maimamu hushtukizwa. Hakuna haja ya kushtukizwa. Tarehe huandikwa miaka mingi mbele. Ni rakaa mbili, na katika kila rakaa kuna visimamo viwili na rukuu mbili. Katika madhehebu yetu mwezi ukipatwa husomwa kwa sauti, na jua likipatwa husomwa kwa siri, kisha hufuata khutba mbili. Wanawake na watoto na waje. Watoto waachwe watazame kwanza, waulize, wajibiwe, ndipo wasali. Ila jua wasilitazame kwa jicho tupu hata kidogo, kwani huunguza jicho bila ya maumivu.

Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, mwishoni mwa Mfungo Tano, kivuli cha mwezi kitapita Afrika ya Kaskazini, kitavuka Bahari ya Shamu, na baada ya adhuhuri jua litafunikwa lote juu ya Makka kwa dakika 5 hivi, kisha kivuli kiendelee Yaman na Somalia. Walimu wa vyuo wanao wakati wa kutosha kuwafundisha wanafunzi wao sala hiyo na sababu ya giza hilo, yote mawili katika somo moja.